Neno "kujitoa" lilivyokaribia kumkosesha dada yangu damu

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sehemu kubwa ya kosa ni langu. Kwa hiyo mkicheka, chekeni taratibu.

Mimi ni karani, naishi Temeke. Kwa miaka kadhaa naendesha mailing list ya wachangia damu. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake wananitafuta, natuma email moja, inawafikia watu karibu mia tatu.

Najua mtauliza kwa nini sio WhatsApp. Group tulikuwa nalo. Likageuka la matangazo ya viwanja na picha za maua za "asubuhi njema". Watu wakalizima sauti, tukahamia kwenye email.

Safari hii mgonjwa akawa dada yangu wa tumbo moja, Rehema.

Uvimbe kwenye kizazi, operesheni Jumatatu inayofuata. Daktari akasema hawamfungui mpaka chupa mbili za O negative ziwe tayari, na hospitali hawakuwa nazo. Tulikuwa na wiki moja tu.

Sikubabaika. Nikajisemea, list si ninayo? Jumatatu asubuhi nikatuma.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Hata wale wa kujibu "Mungu atasaidia" hawakujibu.

Nikampigia Upendo, mwalimu wa sekondari huko Kinyerezi, mwanachama wetu wa siku nyingi.

"Sijaona email kaka. Hebu subiri... aah, ipo huku kwenye spam. Zipo kama tisa."

Nikamuuliza zimefikaje huko.

"Kaka nisikufiche. Mie mwenyewe ndo nilibonyeza spam. Mtu mmoja akifiwa, watu themanini wanajibu 'pole sana' kwa wote. Simu inalia darasani mpaka wanafunzi wananicheka."

"Si ungetoka tu kwenye list?"

"Nitoke, mseme Upendo kaogopa sindano?"

Kumbe walikuwa wengi kama yeye. Wanaona aibu kuondoka, basi wanabonyeza spam kimyakimya. Wakifanya hivyo wengi, mitambo ya email inajifunza kwamba barua zetu ni takataka, inazitupa spam hata kwa yule ambaye hajawahi kubonyeza chochote.

Mimi nikishika jambo siachi. Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa na laptop.

Nikabadilisha settings, majibu yote yaje kwangu peke yangu. Mwenye pole yake anitumie mimi, nitaifikisha kwa mfiwa.

Nikaangalia na vichwa vya barua zangu. Nilikuwa naandika "HARAKA!!! DAMU!!! SOMA SASA!!!" Kusema ukweli hata mimi ningedhani ni tapeli. Nikaandika upya: "Rehema anahitaji O negative kabla ya Jumatatu." Kisha nikawatumia wote SMS, wafungue spam, waitoe barua yetu huko na kuirudisha inbox.

Alhamisi mchana majibu yakamiminika. A wapo, B wapo, O positive kibao. O negative hata mmoja.

Nikafungua daftari langu la zamani. O negative tulikuwa nao watano. Nikaingia kwenye system kuwatafuta, na mbele ya kila jina pameandikwa "amejitoa". Wote watano!

Nilichemka. Yaani wale adimu ndio waliotukimbia? Nikampigia wa kwanza, Mzee Kassim, fundi wa kuchomelea mageti kule Manzese. Nilijiandaa kumpa vipande vyake. Lakini mtu mzima ni mtu mzima, ikabidi nianze na shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Mbona nyie mlipotea?"

"Sie tulipotea? Mzee, si wewe uliyejitoa?"

"Ndiyo nilijitoa! Kwa moyo mweupe kabisa. Nikabonyeza pale chini, mkanijibu asante. Tangu hapo kimya. Nikasema Mungu mkubwa, siku hizi watu hawaumwi."

Nikafungua email yangu mwenyewe, nikashuka mpaka chini.

Iko hivi. Chini ya kila email palikuwa na neno la Kiingereza, "Unsubscribe", yaani kuondoka kwenye list. Mimi kwa uzalendo wangu nikalitafsiri: "Bonyeza hapa kujitoa." Ukibonyeza, jibu linakuja: "Asante, umejitoa."

Sasa fikiria mtu anasoma kwamba kuna mgonjwa anahitaji damu, halafu chini anaambiwa abonyeze kujitoa. Mwenye roho nzuri atafanyaje?

Yaani niliokuwa nawafuta ni wale wenye haraka ya kusaidia. Tuliobaki ni sisi wavivu wa kubonyeza.

Nilimwomba radhi Mzee Kassim, nikamweleza habari za Rehema. Hakunisema. Aliuliza tu, "Hospitali gani?"

Ijumaa saa mbili asubuhi nilimkuta ameshafika, na ovaroli yake yenye matundu ya cheche. Wa pili alikuwa mama mmoja muuza vitenge wa hapahapa Temeke, naye "alijitoa" vilevile. Wakapimwa, wakafaa. Nilitoka nje nikalia, sioni aibu kusema.

Jumatatu Rehema akafanyiwa operesheni. Jumatano alilalamika uji hauna sukari, nikajua dada yangu amerudi.

Nilichojifunza: kabla hujamlaumu mtu kwamba amekukimbia, nenda kasome tena ulichomwandikia. Siku hizi chini ya barua zetu pameandikwa "Sitaki tena barua hizi". Haina utamu, ila inaeleweka.

Kwenye system bado kuna watu arobaini na mmoja walioandikwa "amejitoa". Nawapigia mmoja mmoja, na sitaacha mpaka niwamalize.

Na wewe unayesoma hapa, kama uliwahi kubonyeza pale chini, tuambie kwenye comment: ulikuwa unaondoka, au ulikuwa unakuja?