Tambuu Shavuni mwa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi kwetu kisiwani Amu kwa harusi ya binti wa ndugu yangu. Nyumba ya mtaa wa Mkomani ilikuwa imejaa wanawake, na msichana mmoja akanipitishia sinia ya tambuu zilizokunjwa tayari. "Chukua, shangazi, zina hiliki." Nilimshukuru, nisichukue. Lakini harufu ilikuwa imekwisha kunifika: popoo, karafuu, na ile tumbako kali inayokuja nyuma yake. Ikanibidi nitoke, nikakae ngazini peke yangu. Ungalikuwapo ungaliniuliza nina nini, nami ningalikueleza habari ya bibi yangu.

Ndiye aliyemzaa mama, na ndiye aliyenilea katika miaka ile ya hamsini. Kila baada ya sala ya alasiri wenzake walimjia, wakavua mabuibui, wakakaa mkekani na kofia zao za kushona. Bibi alifungua kijaluba chake cha shaba, kisanduku cha vitu vya tambuu. Kazi yangu ilikuwa kufuta majani ya mtambuu kwa kitambaa kimaji na kukata popoo vipande vyembamba. Yeye alipaka chokaa kwa ncha ya kidole, akatia katu, popoo na tumbako, akakunja, akampa kila mmoja wake. Tambuu ilikuwa ndiyo heshima ya nyumba. Mgeni asiyepewa alijua hakutakiwa.

Wenzake walitafuna wakatema, yakaisha. Bibi alikuwa halali bila tambuu shavuni. Mama akimnasihi, alicheka akasema, "Mazoea yana taabu, mwanangu. Niachie taabu yangu."

Kidonda kilianza mwaka ule miembe ilipozaa sana. Nakumbuka kwa sababu alikataa embe mbichi ya chumvi na pilipili, naye akiipenda kupita sisi watoto. Alisema chokaa imemchoma. Akapunguza chokaa, tumbako asipunguze. Tukampikia mchuzi usio na pilipili, kisha wali wa majimaji, kisha uji. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe, aya kwa zafarani sahanini, zikaoshwa kwa maji akanywa. Jirani yetu mshona kofia, rafiki yake wa tangu utoto, alimletea asali. Shavu likazidi kuwa gumu, mpaka kijiko kikawa hakipiti vyema.

Hapo mjomba akamvusha mpaka Mokowe, wakapanda basi kwenda Mombasa. Waliporudi nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikamsikia mjomba akimweleza mama. Daktari, Mhindi mtu mzima, alipomtazama tu aliuliza, "Huyu mama hulala na tambuu?" Alisema kidonda kile ni saratani. Neno hilo lilikuwa geni kwetu. Alikuwa amekiona mara nyingi kwao, kwa watu wa tambuu na tumbako, na hiki kilikuwa kimechelewa. Mama alikaa chini, upawa ungali mkononi.

Bibi hakulia mbele yetu. Siku chache alijifungia chumbani, wenzake wakija wanaambiwa amepumzika. Kisha alasiri moja aliniambia niteremshe mkeka. Wanawake wakaja kwa furaha, wakakaa, na jirani, kwa kumpumzisha, akakivuta kijaluba ili akunje yeye. Bibi akamshika mkono.

"Ndooni mutazame," alisema. Maneno yalimtoka mazito.

Lazima ujue alikuwa mtu wa namna gani. Hata mjini akipita, hakuonekana ila macho. Na sasa aliondoa mtandio usoni, akageukia mwanga wa mlangoni, akafunua kinywa.

"Jistiri, Bi," jirani alisema, machozi yakimtoka. "Haya ni ya daktari."

"Nimejistiri hata yamenifika haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tazama kanwani mwangu kwanza, ndipo ukunje tambuu yako."

Walitazama mmoja mmoja. Mimi pia niliinama nikaona, na sitakueleza. Jirani alitema aliyokuwa nayo kinywani, akasukutua, na mpaka anakufa, mzee sana, sikumwona tena akitafuna. Mama, ambaye naye alitafuna, aliacha, akarudia, akaacha tena, mpaka akaweza. Mmoja wao aliendelea kama kawaida na hakikumpata kitu, akawa akisema, "Mbona mimi mzima?" Ninalojua ni kwamba si kila anayepita penye shimo hutumbukia, na shimo lipo.

Bibi alifariki kabla ya Ramadhani. Siku zake za mwisho alizungumza kwa mikono, na sisi tukajifunza kumsoma.

Wale wanawake wote wametangulia. Kofia sasa hushonwa kila mtu kwake, na alasiri nyumba ile huwa kimya. Yapo mengi ninayoyakumbuka bado: mchoro wa hina kwenye vidole vyake, ubaridi wa sakafu, mama akimnywesha maji kwa pamba. Kitu kimoja tu nimekipoteza. Bibi alikuwa akitusomea kasida za maulidi mpaka tukalala, na watu wakisema hapakuwa na sauti kama ile mtaa mzima. Najaribu kuisikia, siisikii. Ninayoisikia ni ile ya mwisho, nzito, ikituita tutazame.