Franga Aliyoiponya Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Goma, na kabla sijafika nyumbani mbadilishaji pesa wa barabarani alinirudishia noti yangu ya dola. Aliiinua juani, akaona tundu dogo la pini, akasema, “Hii haipite, muzee. Irudishe kwenye uliipata.” Mbele yake alikuwa amepanga franga za Kongo zilizochakaa, nyeusi kwa jasho na mawese, na hizo hakuna mtu aliyezikagua. Nilicheka, rafiki yangu, lakini si kwa furaha. Sisi watu wa mpakani tumekua tukiamka na kuuliza kwanza ni pesa gani imekufa jana.

Nilipokuwa mtoto, pale mtaani kwetu Murara, pesa yetu ilikuwa zaire. Bibi aliuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, na jioni alimwaga mauzo yote mkekani. Noti zilinuka samaki hadi kwenye shuka. Bei zilipanda kila kukicha, sifuri zikazidi kuongezeka, hata sisi wa shule ya msingi tukajua kutamka milioni kabla ya kujua kugawanya. Kisha serikali ikakata sifuri, ikaleta zaire mpya, nayo ikaanza kuoza vilevile.

Kazi ya watoto ilikuwa kuunga noti zilizochanika. Bibi alituachia kipande cha bugali kilicholala, tukakilainisha kwa maji, tukapaka, halafu tukaanika noti juu ya mawe meusi ya volkano yaliyojaa uani, kila moja na kijiwe chake ili upepo usiichukue. Ukikamatwa unalamba ile gundi, ulichapwa. Bibi alipenda kusema, “Feza haina bulozi. Bulozi iko ku mukono ya mutu.” Uchawi tuliuogopa, na tuliamini kila alichosema.

Halafu wakaja wakimbizi kutoka Rwanda, siku baada ya siku, barabara zikajaa magodoro na mbuzi, na punde kipindupindu kikawalaza watu kando ya njia. Bibi alimpa mwalimu mmoja wa kike na watoto wake wawili jiko letu la uani wakae humo. Tusimnyime sifa yake: hakumdai kodi. Mwalimu alilipa kwa kufagia ua na kutufundisha Kifaransa. Kiunoni, ndani ya kitenge, alifunga franga za Rwanda, mshahara wake pamoja na bei ya ng'ombe waliouzwa haraka haraka. Kila Jumamosi alizitandaza mezani akazipiga pasi ya makaa, polepole, zisikunjike. Sisi wa kuunga zetu kwa bugali tulisimama mlangoni tukimshangaa.

Wabadilishaji wa mjini walimpa bei ya dharau, maana kila mkimbizi alikuwa na franga zilezile. Alikataa kuziuza. “Inchi haiwezi kukataa feza yake yenyewe,” alisema. Alizitunza, na mwisho zikapata safari. Mumewe, waliyepotezana naye njiani, alituma neno kwa dereva wa lori kwamba yuko hai, yuko Kampala. Nauli ya kupita Rutshuru hadi mpakani Bunagana, na kuvuka kuingia Uganda pamoja na watoto, ilikuwa pale kiunoni.

Wiki ileile redio ikatangaza kwamba Rwanda wamebadilisha noti. Za zamani zingepokelewa siku chache tu, tena hukohuko, basi. Mwalimu aliketi chini kwenye majivu ya jiko. Yeye kuvuka hakuweza, aliogopa kuuawa. Bibi alivuka kila wiki na beseni lake la sambaza, na upande ule alikuwa na mteja tajiri wa kumbadilishia. “Leta, mama,” akamwambia. “Mi naenda na narudi.” Mwalimu akafungua kitenge mbele yetu sote.

Jioni bibi alirudi na beseni tupu, kilemba mkononi. Alisema askari wa mpakani wamempokonya zote. Alilia hata. Mwalimu ndiye aliyembembeleza, akachemsha maji, akamkanda miguu, akamwomba msamaha kwa kumtia hatarini. “Mungu akulipe, mama,” alimwambia. “Ulijaribu.”

Haukupita muda mrefu, mabati mapya yakafika. Paa letu la zamani lilikuwa la mikebe ya mafuta iliyonyooshwa, likivuja kila pembe. Mwalimu alisaidia kubeba mabati kutoka barabarani, na lilipopigiliwa bati la mwisho alipiga kigelegele. Alipokwenda kuchota maji, mama yangu akauliza, “Mama, mabati imetoka wapi?”

Bibi aliendelea kuchambua maharagwe. “Ile franga ilikuwa imekufa. Mi njo niliiponesha. Kitu umeponesha, iko yako.”

Mama akayabandika maharagwe yale motoni, tukayala. Nilimpenda bibi, na tangu siku ile nilimwogopa.

Bila nauli, mwalimu alihamia kambini, ambako angalau unga uligawiwa. Alimwachia bibi ile pasi kuwa shukrani, na bibi akaipokea kwa mikono miwili. Baadaye vita vikaja, kambi zikapigwa, watu wakakimbilia misitu ya Masisi. Wengi hawakutoka huko.

Vita vilipotulia kidogo, mwanamume mwembamba alibisha hodi. Alikuwa amepitia Bunagana, akimtafuta mkewe na watoto. Bibi alimpikia bugali na sambaza, akamwambia kwetu waliondoka salama, zaidi ya hapo hajui. Mvua kubwa ikamzuia. Alitazama juu akasema nyumba hii ni nzuri, kumbe watu wake hawakulowa. Akiaga alimtia bibi mkononi shilingi za Uganda, kwa wema wake. Bibi alinituma nikazibadilishe kabla jua halijatua, kwani feza ya bageni, alisema, hailale ndani ya nyumba.

Siku hizi zaire imekwisha, na noti ikichanika watoto hubandika selotepu. Kambi zimeota mahindi. Volkano iliposhuka mjini iliteketeza nyumba za watu ambao hawakumdhulumu mtu, yetu ikaiacha. Nilingoja miaka mingi nione bibi akilipwa hapahapa duniani, na nilikasirika kila mwaka uliopita bure. Alikufa mzee kabisa, kitandani pake, pakavu, wajukuu wamemzunguka, nasi tulimlilia kwa uchungu wa kweli. Juzi, tukiwa tumekaa wote nyumbani, niliuliza yule mwalimu alikuwa anaitwa nani. Walitazamana. Hakuna aliyekumbuka, na mimi pia sikumbuki.