Bundi wa Mwerezi Wetu

Harufu ya kijinga cha moto, ule moshi wa kuni mbichi unaochoma macho, hunirudisha nyuma ya nyumba yetu karibu na Ruring'u, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Shule yetu ilikuwa imealika watu kwa sherehe ya kutazama ndege, na mwalimu alipouliza nani anajua bundi analala wapi, mkono wangu ndio uliotangulia. Kwetu! Kwenye mwerezi! Nilijigamba wiki nzima.

Kumbe jioni ya kuamkia sherehe mama akashikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya wakati, baba akampeleka hospitali, na bundi akalia hadi kukapambazuka. Kwetu bundi akilia karibu na boma anaita mtu afe, na hufukuzwa kwa kijinga cha moto. Asubuhi mwalimu na wageni wakafika kwetu na darubini zao, wakanyamaza chini ya mti kana kwamba wako kanisani. Mimi ndiye niliyewaongoza. Sikutaka kuaibika mbele ya shule nzima, lakini zaidi ya yote nilimtaka mama.

Ndipo cucu, nyanya yangu, akatoka jikoni na kijinga kinachofuka moshi. Mwalimu akamzuia. "Mama, tafadhali, wageni wametoka mbali."

"Nyinyi mtarudi kwenu," cucu akamjibu. "Mtu yangu iko hospitali."

Mwalimu akanitazama, eti nimtulize. Nimtulize vipi, na mimi mwenyewe roho iko juu? "Mrushie, cucu!" nikapiga kelele.

Akarusha. Bundi akapaa kimya kimya, akaelekea moja kwa moja upande wa mjini, kule kule hospitalini. Ngai, Mungu wangu! Cucu akaketi palepale kwenye umande. Tulikaa hivyo mpaka jua likawa kali, baba akatokea akisukuma baiskeli, akasema ni mvulana, na mama anaomba uji.

Mwerezi ulikatwa zamani. Siku hizi mimi ndiye ninayekwenda sherehe za ndege na darubini shingoni, nikiwaeleza wajukuu kwamba bundi hula panya tu, haiti mtu. Naamini hivyo kabisa. Lakini juzi alfajiri mmoja alilia juu ya paa langu, na kabla sijavaa viatu nilikuwa nimempigia mama simu. Alipokea upesi kwa ile sauti yake ya kikongwe. "Umesikia bundi, sio?" akaniuliza, akacheka. Nikamwomba asikate simu.