Mzigo wa Lomayani

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, macho yangu yakiwa mazima na akili zangu zikiwa timamu, wakati Mjerumani bado anakaa bomani Arusha. Wajukuu zangu nikiwaeleza huinamisha vichwa ili nisione wanavyocheka. Na wewe ukitaka kucheka, cheka, ila ngoja kwanza nimalize.

Nilikuwa mwanafunzi wa darasa la juu katika shule ya misheni, kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya pale panapoitwa Sakina siku hizi. Wakati ule hapakuwa na Sakina wala barabara ya lami. Palikuwa na migomba, mifereji ya maji, na njia ya ng'ombe iliyoshuka mpaka kwetu. Nyumbani tulibaki watatu: mama, ambaye kwa lugha yetu ya Kiarusha tulimwita Yeyo, kaka yangu Lomayani, na mimi. Baba alikufa nikiwa mdogo, hivyo aliyenilea ni Lomayani. Yeye ndiye aliyenifundisha kukamua na kurusha rungu, na yeye ndiye aliyenipeleka shule kwa mkono wake, ingawa mwenyewe hakutaka hata kuingia mlangoni.

Vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza. Jumbe wa Mjerumani akapita nyumba kwa nyumba akitafuta wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Wanafunzi wa misheni tuliachwa. Lomayani akachukuliwa.

Siku waliyoondoka nilikimbia kutoka darasani kwenda kumwona. Walipita kwa mstari, askari mbele, askari nyuma. Sijui kama unaelewa maana ya mwanaume wa Kiarusha kubebeshwa kitu kichwani. Kwetu mzigo ni kazi ya punda. Lomayani, ambaye alikuwa akitembea na mkuki wake kama mlima wote ni wake, alikuwa amewekewa ngata ya majani kichwani na juu yake sanduku la risasi, mikono miwili imelishika, shingo imekakamaa. Nilimwita. Hakuweza kugeuka. Aligeuza macho tu, akaniangalia kwa pembeni, akapita.

Basi, ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho. Mvua zikaja zikaenda, zikaja tena, wala hatukupata habari yoyote.

Pale shuleni tulikuwa na mwalimu mwanamke, Mjerumani, tuliyemwita Bibi Mwalimu. Alipenda sana kuchora. Vita vilipoleta shida ya kila kitu, karatasi zikaisha, naye akapata wazo. Kulikuwa na darasa jipya, kuta zake zimepakwa chokaa nyeupe. Akatugawia vipande vya mkaa, akasema, "Kila mmoja achore ukutani mtu au kitu anachokipenda. Msichore ninachokipenda mimi. Chora unachokipenda wewe."

Ungeona furaha iliyokuwapo! Zakaria alimchora ng'ombe wao mwenye pembe iliyopinda, akamchora mkubwa mpaka mkia ukakosa nafasi. Filipo, Mchaga aliyetoka upande wa Machame, alichora chungu cha pombe cha bibi yake, na Bibi Mwalimu akacheka hadi akatoa miwani. Msichana mmoja, Anaeli, alichora miguu miwili midogo tu, ya mtoto mchanga wa kwao. Tulipomuuliza mtoto mwenyewe yuko wapi, akasema hiyo miguu ndiyo anayoipenda.

Mimi nilimchora Lomayani. Ningemchora nani mwingine? Niamini, sikuwa fundi kuliko wenzangu, lakini siku ile mkaa ulikwenda wenyewe. Nilimchora kama nilivyomwona akipita: mguu mmoja mbele, mikono juu, sanduku kichwani, macho yakiangalia pembeni. Nilipomaliza, wenzangu wakaja kutazama. Bibi Mwalimu alisimama mbele ya picha, kisha akanishika bega.

Jumapili Yeyo akaja kuona. Hakuwa Mkristo, na hakuwahi kuingia katika nyumba ya Wazungu. Aliingia akiwa amevua viatu vyake vya ngozi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, akagusa miguu ya picha kwa vidole. "Ndiye," akasema. Baadaye, tukiwa nje, akauliza, "Kwa nini hukumchora ameketi?" Nikamjibu kwamba siku ile ya mwisho sikumwona ameketi. Akajifunga shuka lake, akashuka nyumbani.

Haikupita wiki. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, nami nilikuwa nimetumwa kuni na mpishi wa shule, narudi nazo kwa ile njia ya ng'ombe. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, ule ukungu wetu mzito unaofanya migomba ionekane kama watu. Nikasikia mtu anahema. Unajua jinsi mtu mwenye mzigo mzito anavyohema, pumzi fupi fupi, kama anazihesabu? Nikasogea pembeni ya njia nimpishe.

Alikuwa Lomayani.

Nilitupa kuni, nikamkimbilia. Nilisema maneno mengi, sikumbuki hata moja. Yeye alisimama tu, mikono juu, shingo imekakamaa, akaniangalia kwa pembeni.

"Mdogo wangu," akasema, "nitue."

Nani angesita? Nilijinyoosha nikalishika sanduku. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikavuta, nikasukuma, nikapiga kelele kwa nguvu. Halikutikisika hata kidogo, kana kwamba lilikuwa limeota pale kichwani. Hapo ndipo nilipotazama miguu yake, nikaona kwamba matope ya njia hayakuwa na alama ya nyayo zake. Lakini sikukimbia. Alikuwa kaka yangu.

"Kaka, umetoka wapi?"

"Mbali. Kulikuwa na mto wenye maji mekundu. Pale nilitua. Nilitua, nikalala, na usingizi ulikuwa mzuri, mdogo wangu, usingizi mzuri kabisa." Akahema. "Halafu nikaamka niko njiani, na mzigo uko kichwani tena."

"Nani amekutwisha?"

Aliniangalia tu, na jicho lile lilikuwa lile lile nililolichora, na mkao ule ule, mguu ule ule mbele. Nikaelewa.

"Nikiufuta mzigo ukutani," nikamuuliza, "utakwenda wapi?"

"Nitalala."

"Na nisipoufuta?"

"Nitapita hapa kila ukungu ukishuka."

Halafu ukungu ukapita kati yetu, na njia ikawa tupu.

Sasa nikuulize wewe. Ungefanya nini? Mtu aliyekulea, uliyemlilia misimu miwili ukiziba mdomo kwa shuka ili wenzako bwenini wasisikie, na sasa unaambiwa unaweza kumwona kila ukungu ukishuka. Kwetu ukungu hushuka karibu kila jioni! Nilisimama pale nikiwaza kwamba ningeweza kumletea habari, kumwambia ndama wake amekua, kumwonyesha jinsi ninavyosoma. Nilitamani. Sitakudanganya, nilitamani sana.

Sikuokota hata zile kuni. Nilishuka moja kwa moja kwa Yeyo, nikamwambia yote. Nilidhani angepiga yowe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Amekula?"

Kesho yake jioni alikuwa pale njiani kabla yangu, amekuja na kibuyu cha maziwa. Tukangoja. Ukungu ukashuka, na pumzi zile zikaja, fupi fupi, zikatukaribia. Yeyo alimwona kama nilivyomwona mimi. Hakulia. Alimwendea kama anavyomwendea mtoto aliyetoka machungani, akafungua kibuyu.

"Kunywa, mwanangu."

Akakiinua mpaka mdomoni mwake. Lakini Lomayani hakuweza kuinamisha shingo. Mikono hakuweza kuiachia. Maziwa yakamwagika kidevuni, yakashuka kifuani, yakaanguka chini kwenye majani. Yeyo akajaribu tena, kwa upande, polepole, kama anavyonyweshwa mgonjwa. Yakamwagika tena. Lomayani alifunga macho. Nikaona machozi yanamtoka, naye hana mkono wa kuyafuta.

Yeyo akakifunga kibuyu. Bila kunigeukia akasema, "Nenda kafute."

"Yeyo, hatutamwona tena."

"Kwani huyu tunamwona? Tunaona sanduku la Mjerumani. Nenda."

"Ngoja basi nikae naye kidogo tu."

"Mwanangu si punda!" Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Nenda, mimi nitakaa naye."

Nilimwangalia Lomayani. Alifungua macho, akaniangalia kwa pembeni, na midomo yake ikacheka kidogo, kama zamani nilipokuwa nikikosea shabaha ya rungu. Nikageuka, nikakimbia kupanda mlima.

Darasa lilikuwa halijafungwa. Mwanga uliobaki ulitosha kuona ukuta. Nilichovya shuka langu kwenye pipa la maji ya mvua, nikaanza kusugua. Mkaa ukayeyuka, ukashuka ukutani kwa michirizi myeusi. Nilisugua upande mmoja wa sanduku, nikasugua wa pili, nikasugua ngata, mpaka chokaa ikaanza kumomonyoka na vidole vikatoka damu. Nilikuwa nikilia kwa sauti. Bibi Mwalimu akaja na taa, akaniona, akafungua mdomo kuuliza. Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliinua taa juu ili nione vizuri, akanishikia mpaka nilipomaliza.

Niliposhuka tena, njia ilikuwa na Yeyo peke yake, ameketi chini, kibuyu mapajani.

Aliniambia hivi. Mzigo haukuanguka. Ulipungua, upande huu, halafu upande ule, kama moshi unavyokatika. Lomayani alibaki na mikono juu kwa muda, kama mtu asiyeamini. Kisha akaishusha. Akajisugua shingo kwa viganja viwili, akaizungusha huku na huku. Akamgeukia mama yake, uso wote sasa, si macho tu. Akapokea kibuyu kwa mikono yake mwenyewe, akainama, akanywa.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Alisema maziwa ni matamu. Akauliza uko wapi. Nikamwambia unamtua."

Nilikichukua kile kibuyu nikakipindua. Hakikutoa hata tone.

Vita vilipokwisha na Waingereza wakakaa bomani, jirani yetu mmoja aliyechukuliwa pamoja naye alirudi, mifupa mitupu. Alitueleza kwamba Lomayani alishikwa na homa huko kusini. Walipofika mto mmoja wenye maji mekundu alitua sanduku lake, akasema anapumzika kidogo, akalala, hakuamka. Wakamfukia pale pale. Yeyo akamuuliza ilikuwa lini. Ilikuwa msimu mzima wa mvua kabla sijashika ule mkaa.

Yeyo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ukungu ukishuka alikuwa akiketi mlangoni, hafanyi kazi yoyote, anasikiliza. Mara moja tu aliniambia, akiwa mzee sana, kwamba angependa kuzisikia zile pumzi tena, hata za mzigo, na papo hapo akajiziba mdomo kwa aibu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe huwa natoka. Hata sasa, na miguu hii mibovu, ukungu ukifika migombani nachukua fimbo nakwenda mpaka njiani. Najua hayupo. Nakwenda tu. Yeyo alimwona akigeuka, alimwona akinywa. Mimi nilikuwa ukutani. Uso wake wote sikuuona tena, na ninapofumba macho kuutafuta, napata lile jicho la pembeni.

Tangu siku ile sijachora mtu. Nimechora miti, nimechora nyumba kwa ajili ya waashi, lakini sura ya mtu, hapana.

Sikukatazi wewe. Najua vijana mnapenda kuchora, na moyo ukimkumbuka mtu, mkono hutafuta kalamu. Ila mtu uliyeagana naye akiwa taabuni usimchore kama ulivyomwona akiondoka. Mchore ameketi. Mchore anakula, au amelala kivulini, mikono mitupu. Huwezi kujua yuko wapi saa hiyo, wala kama amekwisha kupumzika. Ukimpa mzigo, ataupokea tu, kwa sababu umempa wewe, naye anakupenda.