Muntu Nusu wa Ziwani

Mie bibi wa wajukuu wengi, namuogopa Mungu tu. Sikieni aibu yangu.

Asubuhi ukungu ulifunika ziwa, hata ndege walinyamaza. Nikaona muntu nusu, hana miguu, anateleza juu ya maji kimya kabisa. Uzi murefu unalia juu ya kichwa chake, fyuu, fyuu. Anakuja kwa mujukuu wangu anayefua nguo!

Kwetu, mama muzee akifungua kitenge abaki uchi, shetani anakimbia. Nikafungua chote.

"Rudi ulikotoka!"

Kile kitu kikajifunika macho.

"Mama mukwe, si shetani, njo mie! Nataka kununua kayaki, mutumbwi wa kuficha miguu ndani, ya kuvulia na uzi wa ndoano ya manyoya; najaribu hii ndogo!"

Mukwe wangu, bwana ya binti yangu! Kwa heshima, hata tonge la bukari sijawahi kula mbele yake.