Rababendi Iliyopotelea Kwenye Fizi

Saa moja na nusu asubuhi, katikati ya jiji la Nairobi, Kavata Nthiwa anapanga koleo ndogo kwenye trei. Kliniki ya meno anakofanya kazi haijafunguliwa. Ghafla mlango unasukumwa, na msichana asiyemjua anaingia, leso ameibana mdomoni.

"Samahani, madam. Mnatibu meno hapa?"

"Tunatibu, lakini kazi yetu zaidi ni kuyapanga. Umeandikishwa kuja leo?"

"Hapana. Nataka tu mnishikie haya mawili kabla hayajaanguka."

Anaiondoa leso. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yamerefuka kuliko mengine na ncha zake zimegongana. Fizi imevimba, nyekundu kama nyama mbichi. Akivuta pumzi, yanacheza.

Kavata, mwenye umri wa miaka 36, amekuwa msaidizi wa daktari wa meno kwa miaka kumi na mmoja. Anasema hajawahi kuona kitu kama kile.

"Koleo ilinianguka. Nilijifanya naiokota ndiyo asione uso wangu," anakumbuka.

Msichana huyo ni Joyline Naliaka, msusi wa nywele huko Kinoo. Ana miaka 22. Alitoka Bungoma baada ya kumaliza shule, na kwa kazi yake ya kusuka humsomesha mdogo wake.

Daktari wa kliniki, Mbuthia, alimpiga eksirei asubuhi hiyo hiyo. Mfupa ulikuwa umeliwa kuzunguka meno yale mawili tu. Mengine yote yalikuwa mazima. Alipomuuliza kama aliwahi kuyafunga na kitu chochote, Joyline alitikisa kichwa.

"Nilishuku, lakini mpira hauonekani kwenye eksirei, na yeye alikuwa ananiogopa," anasema daktari. "Nikamwachia Kavata. Huyo hata jiwe litamwambia siri zake."

Kavata hakuuliza kitu. Alimketisha karibu na meno ya plasta yanayotumiwa kuwafafanulia wagonjwa, yaliyovalishwa vyuma. Joyline alivigusa kwa kidole.

"Kwani hii breisi inasukuma jino aje? Si ni kawaya tu?"

Hilo Kavata hulijua vizuri. Alimweleza kwamba kila jino hubandikwa kipande kidogo cha chuma kwa gundi inayokaushwa kwa taa ya buluu. Waya hupitishwa kwenye vipande hivyo vyote. Waya ule umeundwa kwa umbo la safu ya meno iliyonyooka. Ukipindwa ufuate meno yaliyopotoka, hutaka kurudi ulivyokuwa. Unaporudi, unayavuta meno.

"Lakini polepole, mrembo. Upande jino linakoenda, mfupa unayeyuka. Upande linakotoka, mfupa mwingine unajengwa. Ukiharakisha, jino linakosa pa kushikilia. Ndiyo maana watu wanakaa nazo mwaka na nusu, hata miwili, na kila mwezi daktari anaangalia."

Joyline aliondoa kidole kwenye vyuma vile. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mtu akitumia rababendi?"

"Rababendi gani?"

"Zile ndogo tunafungia watoto nywele."

Ndipo yote yakatoka. Joyline alizaliwa na mwanya. Wateja waliusifu, lakini kwenye picha yeye aliona shimo tu. Siku moja aliona video ya msichana akiuziba kwa kufunga meno mawili na rababendi. Saluni yao ina mifuko mizima ya rababendi hizo.

"Siku chache tu mwanya ukaisha! Nikaita saluni yote ije ione. Wakaniambia nianze kuwatoza wateja," anasimulia, akicheka huku machozi yakimtoka. "Asubuhi moja nikaamka, haiko. Nikajua nimemeza. Nikasema itatoka tu."

"Hukuimeza," Kavata alimwambia.

"Sasa ilienda wapi?"

Kavata alielekeza kidole juu, kwenye fizi.

Jino ni pana chini na jembamba kuelekea mzizi. Mpira uliofungwa juu yake bila chochote cha kuuzuia huteleza kwenda kwenye wembamba. Rababendi ya Joyline ilikuwa imepanda ndani ya fizi, na kwa miezi kadhaa ilikuwa ikipanda zaidi, ikikaza mizizi na kuyasukuma meno nje.

Joyline alishika ukingo wa kiti. "Hapo saluni kuna wasichana wawili wamefunga yao. Waliniiga mimi."

Kavata alimpa simu yake awapigie hapo hapo.

Upasuaji ulipangwa Jumamosi. Daktari hakumficha: huenda meno yakabaki, huenda yakatoka mkononi mwake. Joyline hakuuliza lingine ila moja.

"Utakuwepo, sista? Sina mtu hapa Nairobi."

"Nitakuwepo. Nitakushika mkono mpaka mwisho."

Kavata alikuwa ameshafika kwake Kabiria jioni alipokumbuka. Jumamosi ile ilikuwa ntheo ya mdogo wake Ndanu, siku wakwe wanapoleta mbuzi wa kumposa binti, nyumbani kwao Machakos. Yeye ndiye kifungua mimba, na mama yao alimtegemea awapokee wageni. Kavata alikuwa ameomba ruhusa kazini miezi miwili kabla. Mwenzake wa kliniki, Philister, alikuwa amekubali kumshikia zamu.

"Ningempigia Joyline nimweleze, angeelewa," anasema Kavata. "Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angeelewa."

Sasa, upasuaji ukiwa umepita, anapanga kutembelea saluni kuwaonya wasusi, moja baada ya nyingine, kuanzia Kinoo hadi Kawangware, Joyline akiwa kando yake. "Mimi nitaeleza, yeye ataonyesha. Hakuna msusi atanibishia," asema.

Jumamosi ile ya upasuaji, saa nne asubuhi, Kavata alikuwa kliniki akimshika Joyline mkono. Simu yake ililia daktari akiwa ameanza kufungua fizi. Philister alimwekea Kavata sikioni.

"Kavata, wageni wamefika na mbuzi wao. Uko wapi?"

"Niko na mgonjwa, mama."

"Na huyo mgonjwa hana dada yake?"

"Ako Bungoma."

Nyuma ya mama wanawake walikuwa wakiimba. "Ndanu analia," akasema, na simu ikakatika.

Daktari alivuta kitu kwa kibano: kiduara cheusi cha mpira, kidogo kuliko punje ya mahindi. Akakiweka kwenye trei. Akayafunga meno yale kwa waya mwembamba, akiyaunganisha na ya pembeni. Hakusema yamepona. Alisema tu, "Yameshika. Kwa leo yameshika."

Dawa ya ganzi ilikuwa imeufanya mdomo wa Joyline kuwa mzito, hakuweza kuongea. Alimkaza Kavata vidole hadi vikawa vyeupe. Philister alimnong'oneza Kavata kwamba akitoka sasa hivi huenda akawakuta wageni kabla hawajaondoka.

"Bado hajainuka kwenye kiti," Kavata alijibu, akaongeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza.