Simu ya Ukutani Haing'oki

Shemeji yangu ni dobi. Anafua na kupiga pasi katika chumba cha chini kabisa cha jengo letu, kuta nene kama za jela, mahali ambapo simu ya mkononi haishiki mtandao hata kidogo. Watu humwita Mama Pasi. Ulimi wake una moto kuliko hiyo pasi, na nalisema kwa heshima, maana marehemu mke wangu alikuwa dada yake, na alikuwa hivyo hivyo.

Ukutani, kando ya mlango wake, ipo simu ya waya. Zamani ikilia, aliye karibu aliipokea na kupaza sauti ngazini: "Chumba cha nane, mjomba wako!" Jengo zima likajua mjomba kapiga, likaulizia hali yake. Leo kila mtu kajifungia na kioo cha simu yake. Jirani akifa, tutaambiwa na harufu.

Basi msimamizi wa jengo akaleta waifai ya bure, akatangaza kwamba simu ya waya itang'olewa Jumamosi. Wapangaji wakapiga makofi. Mama Pasi hakupiga. Juu ya chumba chake cha kazi amelala mama yake mzazi, mkwe wangu, ambaye pumzi humbana ghafla. Akibanwa hugonga sakafu kwa fimbo, na binti husikia.

"Baba, mama akizidiwa gari la wagonjwa nitaliita kwa nini, kwa mluzi?" akamuuliza msimamizi.

"Kwa waifai, mama. Dunia imebadilika."

"Waifai ile ya fundi cherehani?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi cherehani, mpangaji mwenzetu, akainamisha uso. Alikuwa amejiunga na waifai yenye jina la jengo, kumbe si ya jengo. Akaandika neno lake la siri, na jioni ile mtu asiyemjua akawa anawaandikia ndugu zake kwa jina lake.

"Huo ni uzembe wake," msimamizi akasema.

"Haya. Tutaona wako."

Alhamisi asubuhi fimbo ikagonga. Msimamizi alikuwa pale pale, kafuata nguo zake. Mama Pasi akapanda ngazi mbio, akipiga kelele, "Ita gari!" Nami nilikuwa mlangoni, nikayaona yote. Simu ya bwana mkubwa ikamtaka kwanza akubali masharti. Kisha ikamwonyesha tangazo la sabuni. Alipofika kwenye programu yake ya kupigia, ikamjibu kwamba namba ya dharura haipigwi humo. Akajaribu tena, na tena. Uani, hatua chache tu, mtandao wa kawaida upo, na huko namba ile hupokelewa hata kama huna salio. Hakulikumbuka hilo. Waifai ilishamfunga palepale kama mbuzi kwenye kigingi.

Nikawa nanyoosha mkono kwenye simu ya ukutani, lakini Mama Pasi alikuwa ameshashuka.

"Bado?"

"Inafunguka, mama, inafunguka..."

Akamsukuma kwa nyonga, akanyanyua mkonga wa simu, akabonyeza namba, akataja mtaa, jengo na chumba. Gari likaja. Ijumaa mkwe wangu akarudi na mtungi wa hewa na matusi yake yote yakiwa mazima.

Jumamosi fundi wa simu akaja na bisibisi. Akakuta meza ya kupigia pasi imesogezwa mpaka ukutani, chini ya simu, na Mama Pasi mwenyewe nyuma yake.

"Mama, kazi ilishaidhinishwa," msimamizi akasema.

"Na mimi pasi ilishashika moto."

Fundi cherehani akateremka na kigoda chake, akakaa kando ya meza. Wakafuata wa chumba cha nane, kisha wengine, mpaka ngazi ikajaa. Hao hao waliopiga makofi! Fundi wa simu akamtazama msimamizi, akatia bisibisi mfukoni.

"Mkielewana mtaniita."

Hatujaelewana, na hatutaelewana. Simu ipo. Anayetaka kuing'oa aje mwenyewe mchana kweupe, atatukuta.